Ndugu Wawili na Mnazi Mmoja: Muundo wa Shairi la Kizalendo Ukitazamwa Kutoka Nakuru

Mtahiniwa wa kidato cha nne akiulizwa umbo la shairi katika karatasi ya tatu ya Kiswahili, huwa anajua la kufanya. Anahesabu mishororo, akikuta minne, anaandika tarbia. Anahesabu mizani, nane ukwapi na nane utao. Anafuata vina: vikibadilika kutoka ubeti hadi ubeti ni ukaraguni, visipobadilika ni mtiririko. Anatazama mshororo wa mwisho, na ukiwa unarudiwa anauita kibwagizo. Kisha anapata alama zake na kusonga mbele. Walimu wamemfundisha vyema, na istilahi hizi ni hazina ambayo Sheikh Kaluta Amri Abedi alisaidia kuiweka wazi katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, mwaka 1954. Lakini swali la pili haliulizwi: umbo hilo linafanya kazi gani? Katika shairi la mapenzi mtu anaweza kulikwepa swali hilo asipate hasara kubwa. Katika shairi la kizalendo hawezi, kwa sababu shairi la kizalendo husimama juu ya neno moja, nalo ni “sisi”, na umbo la shairi ndilo huamua nani ameingizwa katika “sisi” hiyo, nani anasema, nani anaitikia tu, na nani hakupewa zamu kabisa. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba uzalendo wa ushairi wetu umeegemea mno kibwagizo, na kwamba muundo unaoufaa zaidi, hasa kwa Bonde la Ufa la kati, ni ule wa zamani wa malumbano, ambamo ubeti mmoja hujibu mwingine.

Ninasema hasa Bonde la Ufa la kati kwa sababu ya neno jingine, “nchi”. Kiswahili kimeliachia neno hili libebe taifa na ardhi kwa pamoja, na mwananchi ni mtoto wa vyote viwili. Mahali pengine mtu anaweza kuimba “nchi yetu” akafikiria bendera peke yake. Nakuru hawezi. Wamaasai walihamishwa kutoka nyanda za Naivasha na Nakuru kwa mkataba wa mwaka 1904, wakapelekwa Laikipia, na baada ya mkataba wa pili wa 1911 wakaondolewa huko pia. Ardhi yao ikawa mashamba ya walowezi wa Kizungu. Ilikuwa Nakuru, tarehe 12 Agosti 1963, ambapo Jomo Kenyatta, akiwa Waziri Mkuu, alikutana na mamia ya walowezi hao akawaomba wabaki walime, akasema pande zote zisameheane na kuyasahau yaliyopita. Baada ya uhuru yakaja makampuni ya kununua mashamba kama Ngwataniro, yakaleta maelfu ya wanahisa kutoka Kati, huku jamii za Wakalenjin zikiamini kwamba ardhi iliyoachwa na mkoloni ilistahili kurudi kwao. Mwaka 1992 Molo iliwaka moto, Januari 1998 ikawa zamu ya Njoro, na Januari 2008 Nakuru na Naivasha. Katika maeneo haya neno “yetu” ni dai, na dai huwa na mdaiwa. Mshairi wa Nakuru anayeandika “nchi yetu” ametoa ushahidi katika kesi, ajue asijue.

Tuanze na utungo ambao kila Mkenya anaujua kwa moyo. Wimbo wa taifa uliandaliwa mwaka 1963 na jopo la watu watano, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, juu ya mahadhi ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo. Mahadhi yalitangulia, maneno yakafuata, na ndiyo maana mizani yake haifuati arudhi, yaani sheria za jadi za vina na mizani: inafuata pumzi ya mama anayebembeleza. Una beti tatu za mishororo sita. Ubeti wa kwanza unamwelekea Mungu, wa pili unawaita ndugu, wa tatu unawaweka wote kazini. Hadi hapo ni mpangilio mzuri, unaoshuka kutoka mbinguni hadi kwenye jembe. Lakini chunguza vitenzi vyake. Karibu vyote vinaishia kwa ile -e ya ombi na agizo, yaani vinataka jambo liwe. Havisemi kwamba limekuwa. Kitenzi kimoja tu kinataja jambo linalotendeka sasa, nacho ni cha kupenda. Hakuna wakati uliopita hata mara moja: hakuna vita, hakuna aliyefungwa, hakuna aliyenyang'anywa. Sarufi ya wimbo huo ni sarufi ya hotuba ya Nakuru ya Agosti mwaka uleule: tazameni mbele. Sisemi hili kuulaumu. Sala haidai kwamba imekwisha kujibiwa, na kwa hiyo wimbo wetu wa taifa ni mkweli kuliko mashairi mengi yaliyoufuata, ambayo yaligeuza ombi lake kuwa taarifa ya habari.

Mashairi hayo ni yale ya matamasha ya shule na ya sherehe za Madaraka na Jamhuri. Muundo wake unatambulika haraka. Kila ubeti unataja kitu: ziwa na heroe wake, mlima, chai na pareto, mbuga, wanariadha, makabila zaidi ya arobaini yaliyo kama kitu kimoja. Mishororo mitatu inataja, wa nne unatangaza umoja, na ubeti unaofuata unaanza upya. Kuna jaribio rahisi la kupima muundo wa shairi la namna hii: chukua beti zake saba, zipange upya, ya tano iwe ya kwanza na ya pili iwe ya mwisho, halafu lisome. Mara nyingi halipotezi chochote. Jambo hilo linaonyesha kwamba hakuna ubeti ulioujibu mwingine, na kwamba kibwagizo kilikuwa kimeshakata shauri kabla ya ushahidi kutolewa. Umoja unatangazwa mwishoni mwa ubeti wa kwanza kwa maneno yaleyale ya ubeti wa saba. Mishororo mitatu iliyo juu yake haikufanya kazi yoyote, ilikuwa inasubiri.

Kibwagizo chenyewe hakina kosa. Ni mlango ambao hadhira huingilia: malenga anatoa mitatu, watu wanapokea wa nne, na kwa dakika chache ukumbi mzima unakuwa mshairi mmoja. Hiyo ni nguvu ya kweli, na aliyewahi kuwasikia waimbaji mia mbili wakipokea kwa pamoja haipuuzi. Hatari yake ni kwamba nafasi hiyo humtii yeyote anayeikalia. Katika enzi ya Rais Moi, makwaya yalipopelekwa kumwimbia huko Kabarak na katika Ikulu ya Nakuru, muundo wa nyimbo ulibaki ule wa mwito na kiitikio. Kilichohama ni mwitwa. Pale palipokuwa na Mungu au nchi paliwekwa kiongozi, na kiitikio kikampokea bila kusita, maana kiitikio hakina sehemu ya kusita. Muundo usioweza kukataa lolote hauwezi pia kuthibitisha lolote.

Sasa tuurudie muundo wa pili, ulio mkongwe kuliko taifa lenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, anatajwa kuwa ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Uzalendo wake ulikuwa wa mji: Mombasa ya Wamazrui dhidi ya Lamu na dhidi ya Seyyid Said wa Omani. Aliufikisha kwa beti za mishororo minne zilizotumwa kwa mahasimu, nao wakazijibu. Shairi la kisiasa la Kiswahili lilizaliwa likiwa na mtu wa upande wa pili. Mshairi alijua kwamba kila kina atakachokiweka kinaweza kurudishwa kwake kikiwa na maana nyingine, na kwa hiyo aliandika kwa uangalifu ambao shairi lisilosubiri jibu haliujui.

Abdilatif Abdalla alikuwa mrithi wa desturi hiyo alipofungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa kuandika waraka uliouliza Kenya inaelekea wapi. Sauti ya Dhiki, diwani aliyoitunga gerezani na kuichapisha mwaka 1973, iko ndani ya arudhi kikamilifu. Ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata, jina lilelile la rais aliyetawala alipofungwa. Ndani yake mna shairi la ndugu wawili, Badi na Alii, wanaogombania mnazi, na kwangu mimi hilo ndilo shairi kuu la kizalendo la Kenya huru, ingawa halitaji Kenya. Kila ndugu anapewa beti zake, kwa mizani ileile na uzito uleule wa vina. Hapa sheria za arudhi zinafanya jambo ambalo hakuna kitabu cha mtihani kinachoulizia: zinagawa haki. Aliye juu ya mnazi na aliye chini wana mizani kumi na sita kila mmoja. Asiyepewa nazi amepewa mshororo. Na ukijaribu kulipanga upya shairi hilo kama tulivyolipanga lile la matamasha, linabomoka, kwa sababu jibu haliwezi kutangulia swali. “Sisi” ya Kenya imo mle, imekaa mahali inapokaa kweli, kati ya wawili ambao hawajaelewana kuhusu mali ya baba yao.

Mtu anaweza kusema kwamba huu ni upendeleo wa pwani, au bahati ya mshairi mmoja. Basi tuvuke bahari hadi Ufilipino, ambako uzalendo wa kishairi umechambuliwa kwa vizazi na ambako shairi la jadi lina sura ambayo mtu wa arudhi ataitambua mara moja. Ubeti wa Kitagalogi uliopewa hadhi na Francisco Balagtas katika utenzi wake wa mwaka 1838 una mishororo minne, mizani kumi na mbili, pumzi ikikatika baada ya ya sita, na kina kimoja kwa mishororo yote minne. Sisi nane kwa nane, wao sita kwa sita. Katika ubeti huo ndimo uzalendo wao ulimokua, lakini tazama ulivyokua. Mwaka 1888 Hermenegildo Flores alitunga kilio cha binti, Ufilipino, kwa mama yake, Uhispania. Mwaka 1889 Marcelo H. del Pilar akatunga jibu kwa sauti ya mama, ambaye anakiri udhaifu wake na kuwatupia lawama watawa waliojimilikisha nchi. Kisha Andres Bonifacio, kiongozi wa mapinduzi ya 1896, akatunga kilio cha mwisho, ambamo binti anamwambia mama kwamba hana tena mama. Washairi watatu, shairi moja. Uamuzi wa kuvunja udugu umekuja mwishoni mwa majibizano ya miaka minane, baada ya mama kupewa nafasi ya kujitetea. Ndiyo sababu una uzito. Angeuweka Bonifacio kama kibwagizo cha ubeti wa kwanza, ungekuwa kelele tu.

Na walipokosa uhuru mara ya pili, chini ya Marekani, Wafilipino waliuanzisha rasmi mchezo wa malumbano. Aprili 1924, mjini Manila, washairi Jose Corazon de Jesus na Florentino Collantes walisimama mbele ya watu wakalumbana kwa vina, mmoja akiwa nyuki na mwingine kipepeo, wakigombania ua moja. Desturi hiyo ikapewa jina la Balagtas na ikadumu. Nyuki na kipepeo kwa ua moja. Badi na Alii kwa mnazi mmoja. Sidhani kuna aliyemwiga mwenzake. Nadhani washairi wa mahali pote pawili waligundua kwamba kitu kinachopendwa na watu wawili hakielezwi na sauti moja.

Pingamizi zito la kwanza linatoka kwa walimu, na linastahili heshima: tayari tunayo majibizano katika ngonjera. Mathias Mnyampala aliikuza ngonjera Tanzania katika miaka ya 1960, ikatumika sana kulieleza Azimio la Arusha, na hadi leo ni fani ya kudumu katika matamasha ya Kenya. Ni kweli kuna wasemaji wawili. Lakini angalia ngonjera inavyoisha. Mmoja ameanza akiwa hajui, mwenzake akamwelimisha, na katika beti za mwisho asiyejua anakubali na wote wawili wanaimba pamoja. Mshindi alijulikana kabla ya pazia kufunguliwa. Ngonjera ni kibwagizo kilichogawiwa watu wawili. Ina faida yake pale ambapo kweli kuna mjinga na mjuzi, kama katika somo la kuchanja watoto. Mgogoro wa ardhi wa Kuresoi hauna mjinga. Kila upande unajua historia yake hadi jina la mlowezi aliyeondoka.

La pili ni kwamba arudhi ni vazi la pwani lisilowaenea watu wa bara, na kwamba mshairi wa Rongai au Subukia angefanya vyema kufuata mashairi huru. Kithaka wa Mberia, mtu wa Tharaka, ameonyesha katika Mchezo wa Karata na Bara Jingine kwamba ushairi huru wa Kiswahili unaweza kubeba siasa ya Kenya kwa ukali mkubwa, na Alamin Mazrui, mtu wa pwani hasa, aliuchagua muundo huo huo baada ya kuwekwa kizuizini mwaka 1982. Sina ugomvi nao. Hoja yangu ni ya zamu kabla ya kuwa ya vina, na shairi huru linaweza kugawa zamu likitaka. Lakini si kweli kwamba kulumbana kwa ushairi kuliletwa na mabaharia. Wakikuyu walikuwa na gĩcandĩ, ambapo mafundi wawili walishindana kwa mafumbo huku wakishika kibuyu chenye alama, kila mmoja akimtaka mwenzake afumbue. Kimani Njogu, katika kitabu chake cha 2004, aliiweka gĩcandĩ bega kwa bega na majibizano ya Kiswahili kama desturi moja ya Afrika Mashariki ya kuufanya ushairi kuwa mazungumzo. Mjukuu wa fundi wa gĩcandĩ aliyezaliwa Bahati hahitaji ruhusa ya Mombasa ili alumbane.

Pingamizi la tatu ndilo linalonifikirisha zaidi. Katika mji ambapo majirani waliuana, je, si hatari kuweka jukwaani shairi ambalo halifungi mjadala? Si heri kibwagizo cha umoja, hata kikiwa chepesi, kuliko beti zinazofukua makaburi? Naielewa hofu hiyo inakotoka. Lakini tukumbuke uchochezi wenyewe ulikuwa na muundo gani. Neno “madoadoa”, lililotumiwa Bonde la Ufa kuwaita watu wa makabila mengine, halikuja kama hoja. Lilikuja kama kiitikio: fupi, la kurudiwarudiwa, lisilomwachia mlengwa nafasi ya kusema. Chuki na umoja wa matamasha vinatumia kifaa kimoja, na aliyezoeshwa tangu shuleni kupokea mshororo wa nne bila kuupima wa kwanza hana kinga siku anapopewa mshororo mwingine. Kwa upande wa pili, kilichotuliza Nakuru kilifanana na malumbano. Mwaka 2012 wazee wa Kikuyu na wa Kalenjin wa kaunti hii walitia saini mkataba wa amani baada ya vikao vilivyopita mwaka mmoja, vikao ambamo kila upande ulisema malalamiko yake na kuusikiliza mwingine. Hawakuanza kwa kutangaza umoja. Waliuacha uje mwishoni, na ulipokuja ulikuwa na masharti.

Hatari ipo, sikatai. Arudhi yenyewe ina dawa yake. Anayelumbana kwa mizani kumi na sita hawezi kupiga kelele, inambidi ahesabu. Inambidi avichukue vina vya mpinzani wake, na ili avijibu lazima kwanza avisikie. Katika pindu, ambapo maneno ya mwisho ya ubeti ndiyo hufungua ubeti ufuatao, hasimu analazimika kuanza na maneno ya hasimu wake kinywani. Sijui zoezi bora zaidi la uraia kwa kijana wa miaka kumi na saba.

Tuseme basi mshairi mmoja wa Nakuru, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, ameamua kuandika mnazi wake. Hapa hakuna mnazi. Kuna shamba, tuseme ekari tano karibu na Molo, lenye viazi na mstari wa pareto. Msemaji wa kwanza ana hatimiliki na risiti ya hisa ambazo baba yake alilipia kidogo kidogo. Wa pili ana kaburi la babu yake upande wa pili wa ua. Beti zao zinaweza kwenda kumi, ishirini, kila mmoja akirudisha kina cha mwenzake, na hapo shairi litakuwa limeshalizidi kila shairi la kizalendo linaloimbwa uwanjani. Lakini muundo ukishafunguliwa haumwachi mshairi apumzike. Ubeti wa ishirini na moja anaudai Mmaasai aliyeondolewa kwa mkataba wa 1904, kabla ya wote wawili kufika. Na nyuma yake, kutoka msitu wa Mau, anakuja Mwogiek, ambaye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilimpa ushindi dhidi ya serikali tarehe 26 Mei 2017 na kuamuru alipwe fidia Juni 2022. Anayo hukumu mkononi, anangojea mizani yake kumi na sita.